Mjusi wa Tendaguru na mnazi wa jirani

Chini ya kitanda changu kuna boksi zima la manila. Mfumo wa chakula, ramani ya Afrika, jino lililopasuliwa katikati. Vyote nimevichora usiku kwa maka peni, umeme ukikatika naendelea na tochi ya simu. Mthibiti ubora akija (sisi bado tunamwita mkaguzi), ukuta unapendeza. Watoto wenyewe, wiki ya pili tu, hawauoni tena.

Zana ya kushikika nayo ina taabu zake. Nilipokuwa na darasa la pili niliwahesabisha kwa korosho. Kufika Ijumaa makumi yamebaki mawili, mengine yote yamechomwa nyuma ya jiko la shule.

Sasa niko na la sita. Watoto wa Lindi wote wamesikia kwamba mjusi wetu, yule dinosaria wa kilima cha Tendaguru huku kwetu, yuko Ujerumani, lakini nilipouliza ana ukubwa gani, mmoja akajibu, "Kama kenge." Mwenzake akampandisha cheo: "Kama ng'ombe, madamu."

Dinosaria huyo aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin ana kimo cha mita 13.27. Nikaazima kamba ya nailoni kwa shemeji yangu mvuvi, watoto wakaipima kwa rula ya ubaoni, kila mita fundo. Tulipofika fundo la tano binti mmoja akagundua kwamba fundo linakula kamba, mita zetu zote ni pungufu. Tukafumua, tukaanza upya, safari hii tukifunga vipande vya kanga kuukuu. Hilo sikuliandika kwenye andalio la somo, na ndilo lililofundisha kuliko yote niliyoandika.

Tukailaza kamba uwanjani. Hakuna aliyeshtuka. Ikilala chini, mita 13 ni kutoka mlangoni hadi mlingoti wa bendera, basi.

Kwa bahati mkwezi alikuwa anaangua nazi kwa jirani. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akacheka sana. "Mwalimu, nimepanda minazi tangu kijana, sijapata kutumwa kumpandisha mjusi." Akafunga ncha kiunoni, akapanda. Chini darasa zima linahesabu vitambaa vinavyopaa: sita, saba, nane. Mkwezi akafika kwenye makuti, na kamba bado imejikunja mchangani, vitambaa vitatu vizima.

Kimya. Kisha yule wa kenge akasema polepole, "Kumbe nazi angezila kwa kuinama."

Hapo maswali yakamwagika, nikasahau hata kengele. Walimtoaje? Nikawaambia Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ikabebwa vichwani na wapagazi, babu zetu, hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Wakaomba chaki. Tukakadiria kila mtu abebe kilo 25, ikatoka mizigo 8,000. Mtoto mmoja akajitwika begi lake la madaftari, akazunguka nalo uwanja, akarudi akiwa ameshika shingo.

Kamba nimeirudisha jana. Nilitaka kwanza kuvitoa vile vitambaa, shemeji akanizuia: "Viache hivyo hivyo." Anaifunga jiwe, anapimia kina cha maji.