Kuidaka droni kabla haijatua

Droni yangu ya kwanza iko chini ya bahari mbele ya Kilindoni, kisiwani Mafia, na haikufika huko kwa sababu ya hitilafu, bali kwa sababu ya utii. Niliirusha kutoka kwenye boti ya faiba asubuhi moja ya Januari, tukiwafuata potwe, wale papa wakubwa wenye madoa wanaokuja kula karibu na uso wa maji wakati wa kaskazi. Mawasiliano yake na rimoti yalipokatika, ilifanya kama ilivyofundishwa: ikarudi pale iliporushwa, ikashuka taratibu, kwa adabu zote, juu ya maji matupu. Boti ilikuwa imeshasogea zaidi ya mita 200. Nahodha wetu aliitazama mpaka ilipozama, kisha akaniambia, "Mwanangu, hicho kidude chako hakijui kama sisi tuna mashine."

Sijapata maelezo bora ya tatizo hili kuliko hayo. Droni ya rafadha nne hujishikilia angani kwa kufuata setilaiti, na setilaiti huipa mahali duniani, si mahali kwenye chombo. Ukiachia vijiti vya rimoti, itasimama palepale hata kama boti inaondoka chini yake. Kutia nanga hakusaidii sana, kwa kuwa chombo kilichotiwa nanga huzunguka kamba yake kila upepo na mkondo vinapobadilika, na juu ya hayo hupanda na kushuka na kila wimbi. Zipo droni zenye uwezo wa kubadili mahali pa kurudi zikafuata rimoti badala ya mahali zilipoanzia, na siku hizi sirushi kitu kabla ya kuhakikisha mpangilio huo umewashwa. Hata hivyo, hilo linairudisha droni karibu nasi tu; haliishushi ndani ya boti.

Kushuka ndani ya boti ndiko kwenye kazi. Chini ya tumbo la droni kuna kamera ndogo zinazosoma ardhi ili zijue kama imetulia au inateleza, lakini juu ya maji zinachosoma ni mawimbi, nayo yanatembea. Kisha kuna upepo wa rafadha zenyewe. Helikopta yoyote inapokaribia sakafu hupata msukumo wa ziada, kwa sababu hewa inayosukumwa chini hukosa pa kwenda kwa urahisi. Kwenye uwanja mpana msukumo huo huja sawasawa pande zote, lakini ukingoni mwa boti rafadha mbili huwa juu ya mbao na mbili juu ya shimo, kwa hiyo upande mmoja hunyanyuliwa zaidi ya mwingine. Ongeza upepo unaojikunja nyuma ya turubai la kivuli, ongeza sitaha inayopanda kuilaki droni wakati yenyewe inashuka, na utaelewa kwa nini wengi wetu tunaofanya kazi hii baharini hatutui kabisa. Tunadaka.

Kudaka kunahitaji watu wawili. Mmoja anashika rimoti na hafanyi kitu kingine. Wa pili anavaa glavu nene na miwani, anasimama kwenye tezi upande wa demani, yaani upande ambao upepo unatoka chomboni kwenda baharini, ili droni ikipeperushwa ipeperuke kuelekea majini na si usoni mwake. Nahodha hupunguza mwendo lakini hazimi mashine, kwa sababu boti isiyo na mwendo huyumba vibaya zaidi kuliko boti inayosukuma maji polepole. Droni inaletwa ikiwa imewapa mgongo, ili vijiti vya rimoti visigeuke kinyume mkononi mwa mrushaji wakati wa haraka. Inasimamishwa juu kidogo ya kichwa cha mdakaji, naye ndiye anayeifuata kwa mkono, haifuati yeye.

Hapo kuna jambo lililonigharimu kidole kilichoshonwa nyuzi tatu. Mkono ukipita chini ya tumbo, vihisi huuona kama kizuizi, na droni huruka juu kuukwepa, mara nyingine kwa ghafla kiasi kwamba mtu hujaribu kuikamata popote. Dawa yake ni kuzima vihisi hivyo mapema kama droni inaruhusu, au kuushika mwili kutoka ubavuni, kati ya mikono ya rafadha, kwa wepesi wa mtu anayeokota yai la moto: haraka, lakini bila kubana ovyo. Ukishaishika, usiivute wala usiilaze. Droni bado inaamini inaruka. Ukiiinamisha, mota za upande ulioinama zitaunguruma kuisawazisha, na itapigana na mkono wako kama kuku anayejua kisu kiko wapi. Unaishikilia wima, imara, huku mwenzako amevuta kijiti cha kushuka hadi chini na kukiacha hapo, mpaka mota zikubali kuwa safari imekwisha. Sekunde hizo chache ni ndefu.

Watu hunitajia Rwanda ninapoeleza haya, na wana sababu. Tangu Oktoba 2016 kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu hospitalini kutoka kituo chake cha Muhanga, na ndege zake za mabawa, zinazosafiri kwa takriban kilomita 100 kwa saa, nazo hazitui kwa magurudumu: mkiani mna kulabu ndogo, na kulabu hiyo hunaswa na waya uliotandazwa kati ya milingoti miwili. Ni kazi ya kupendeza kuitazama. Lakini tatizo lao ni kinyume cha langu. Ndege ya mabawa inanaswa kwa sababu yenyewe haiwezi kusimama hewani, hivyo lazima kitu kimeze mwendo wake. Yangu inaweza kusimama kama kerengende. Kisichosimama ni mahali pa kutua.

Walioshughulika na tatizo langu kwa muda mrefu ni wanamaji. Katika miaka ya 1960 wanamaji wa Kanada walitaka kutumia helikopta nzito za Sea King kwenye meli ndogo za kivita, katika bahari ambayo haina siku nyingi za utulivu. Walichobuni ni hiki: helikopta inasimama juu ya sitaha na kuteremsha kamba nyepesi, mabaharia wanaifunga na waya mzito, baada ya kuigusisha kwanza na chuma cha kutoa umeme tuli, maana helikopta inayoning'inia hewani hujikusanyia umeme wa kumwangusha mtu, waya unapandishwa na kufungwa tumboni mwa helikopta, kisha winchi inaivuta chini huku rubani akiendelea kuvuta juu. Mvutano huo wa pande mbili ndio siri yenyewe. Waya ukikaza, helikopta inaacha kuifuata dunia na kuanza kuifuata meli, na ikigusa sitaha, mtego wa chuma unaishika mara moja isiteleze. Niliposoma habari hiyo niliutazama mkono wangu kwa heshima mpya, kwa sababu ndicho unachofanya: unaishika droni wakati bado inavuta juu.

Helikopta isiyo na rubani imefika kwenye meli pia. Januari 2006 helikopta ya Fire Scout ya jeshi la majini la Marekani ilitua yenyewe kwenye manowari USS Nashville ikiwa safarini, bila mtu kushika usukani wake. Sitaha ya manowari, hata hivyo, si boti ya faiba ya mita nane yenye ndoo ya chambo katikati.

Nyavu nimezijaribu mara moja, zikazunguka kwenye rafadha na kuunguza mota. Zinamfaa anayetaka kuangusha droni ya mtu mwingine. Polisi wa Uholanzi waliwahi hata kuwafunza tai kuzidaka, wakaacha mwaka 2017. Mimi nahitaji yangu iruke tena mchana uleule.

Msimu huu nimejaribu kuwaiga Wakanada kwa kipimo changu. Nimefunga chini ya droni uzi wa mita moja na nusu wenye kipande cha mti mwishoni, ili mdakaji ashike uzi badala ya mwili na vidole vibaki mbali na rafadha. Kwenye uwanja wa mpira umefanya kazi vizuri. Baharini uzi unaning'inia kama timazi la fundi mlevi, droni inajisahihisha kila unapoyumba, na ule msahihisho unauyumbisha zaidi. Nimeufupisha hadi nusu mita na kupunguza mti. Umetulia kidogo, lakini sasa kamera za tumboni zinauona na droni inakataa kushuka. Nahodha ameshauri niutoe. Kwa sasa yeye ndiye anayedaka, bila glavu licha ya kelele zangu, na mwaka huu haijamponyoka hata moja.