Nadharia unayoichagua ndo inaamua utamuuliza mtu nini

Nyie mnaoandika andiko la utafiti saa hizi, kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Tunafundishwa kiunzi cha nadharia, yani mawazo unayoyatumia kuelezea jambo unalolichunguza, kina sura yake, maadili nayo yanasubiri huko mwisho, aya mbili za usiri na ridhaa, unaambatisha fomu, kamati ya maadili inagonga muhuri, basi. Mi naona hivyo vitu viwili havitenganishiki kabisa, na nimejua hilo baada ya kumuumiza mtu.

Nilikuwa nahoji wanawake waliopata mimba wakiwa shule, wote sasa ni watu wazima (vitu vidogo nimevibadilisha hapa ili mtu asitambulike). Nadharia yangu ilikuwa ya tabia hatarishi, yani mtu anapima faida na hasara alafu anaamua, kwa hiyo hojaji yote ikajaa ulijua nini, kwa nini hukujikinga, ulifikiria nini. Fomu ya ridhaa ilikuwa safi, nilimsomea neno kwa neno, akasaini. Swali la sita dada mmoja akanyamaza, akawa anaikunja ile nakala yake ya fomu, anaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama kidole, afu akaniambia taratibu, "Mbona maswali yote yananiuliza mimi tu? Yeye alikuwa na miaka arobaini."

Sikuwa na jibu. Kwenye nadharia yangu huyo mwanaume hakuwepo, hakuna kisanduku chake popote, na nikimtoa yeye kwenye hesabu basi mwenye kosa anabaki huyu aliyekaa mbele yangu. Saini yake ilikuwa halali kabisa ila haikumkinga na hilo.

Baadaye nilirudi kusoma habari za Tuskegee kule Alabama nikaiona kwa jicho lingine. Kuanzia 1932 idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi karibu 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, wakaambiwa wanatibiwa "damu mbaya", wakachomwa sindano za uti wa mgongo kutolewa maji wakidanganywa kuwa ni matibabu maalumu ya bure, na hata penisilini ilipokuja kuwa dawa ya kawaida hawakupewa, mpaka magazeti yalipofichua 1972. Huwa tunaisimulia kama habari ya ridhaa iliyokosekana, na ni kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na nadharia: madaktari wengi waliamini kaswende kwa weusi inakwenda njia yake, inashika moyo na mishipa ya damu, wakati kwa weupe inapanda kwenye ubongo na neva. Ukishaamini mwili wa mtu ni wa aina nyingine, kumwangalia akifa bila dawa unakuita sayansi.

Ripoti ya Belmont ya 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti unaohusu watu, ilizaliwa humohumo, na misingi yake mitatu mnaijua, kuheshimu mtu, kumtendea mema, na haki. Hiyo ya tatu ndo tunaipita mbiombio. Tunaifanya iwe kuchagua sampuli bila upendeleo tu, nani anabeba mzigo wa utafiti na nani anakula matunda yake, wakati mi naona inagusa pia mzigo wa lawama unaoushusha kwa mtu kwa namna ulivyopanga maswali.

Yule dada nilimwambia ana haki ya kujitoa, akasema ajitoe. Nikafuta rekodi mbele yake, akainama akaangalia kioo cha simu mpaka akahakikisha haipo. Wiki mbili nilikaa na msimamizi wangu tukabomoa sura ya nadharia tukaanza upya na mahusiano ya mamlaka, yani nani ana nguvu juu ya nani, tukarudi kamati kuomba kibali cha mabadiliko, usumbufu kweli ila ilibidi. Swali la kwanza kwenye hojaji mpya likawa: nani walikuwa karibu na wewe wakati ule, na kila mmoja alifanya nini?