Siku ya Kupigilia Vigingi

Mteja wetu, mfanyabiashara mstaafu ambaye sote tulimwita Mzee, alitaka klabu ya tenisi ambayo mtu aliye ng'ambo ya mto asingeitambua mpaka asikie mipira ikipigwa. Eneo lake lilikuwa mashariki mwa Jiji la Dodoma, kando ya korongo, mto wa msimu unaopeleka maji Mto Kinyasungwe. Kati ya Desemba na Aprili maji hupita kwa kishindo, na miezi mingine hubaki mchanga mtupu, ambao malori huuvizia.

Asubuhi ya kupigilia vigingi tulibishana. Mzee alitaka viwanja vitatu vilazwe sambamba na mto, ambao pale unaelekea magharibi, akisema kwamba kinachofuata mto ndicho kitakachofanana nao. Nikamwambia, "Mzee, uniwie radhi, jua halitakubali." Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, hivyo mwaka mzima jua huzama karibu magharibi kamili, na kiwanja cha namna hiyo kingemweka mchezaji mmoja uso kwa uso nalo saa ileile ambayo watu hutoka kazini. Hakushawishika. Saa kumi na moja jioni nikampa raketi na mpira, nikamwomba asimame akitazama magharibi, aanzishe mchezo. Aliurusha mpira juu, akaupoteza kwenye mwanga, nao ukamwangukia kwenye kofia. "Haya, Msanifu," akasema huku akicheka, "geuza."

Kugeuza kulikuwa na gharama yake. Mistari ya kiwanja ina urefu wa mita 23.77, lakini ukijumlisha nafasi ya kukimbilia nyuma unahitaji zaidi ya mita 36, na sasa urefu huo wote ulishuka na mteremko kuelekea mtoni. Tuliamua kuchimba upande wa juu na kutumia udongo uliotoka kujenga tuta upande wa chini, tuta ambalo lingeficha uzio na pia kuwa mahali pa watazamaji kukaa. Uzio wenyewe niliuchagulia rangi ya kahawia iliyokoza. Kijani kilichozoeleka kwenye viwanja vya tenisi kingepiga kelele katika nchi ambayo majani hukauka zaidi ya nusu ya mwaka.

Mzee alinung'unika pia kuhusu mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe kutoka ukingoni. Kwa maoni yangu, kifungu hicho kilisanifu vizuri kutushinda sote, kwa kuwa ndicho kilichoibakiza migunga, na hakuna ukuta ungeweza kuficha kama ile migunga.

Jengo la klabu halikutusumbua. Wagogo walishatuonyesha, katika tembe, jinsi nyumba inavyolala chini na kuchukua rangi ya ardhi yake, nasi tulifuata umbo hilo, isipokuwa paa la udongo tuliloacha kwa kuwa lingehitaji mtu wa kulikarabati kila baada ya mvua, tukamwaga zege.

Kilichobaki ni taa. Nilipendekeza mchezo uishe jua linapozama, naye akasema hakujenga klabu ili wanachama wale chakula cha usiku nyumbani kwao. Nguzo zikasimama, ndefu kuliko migunga yote, na kila ninapopita barabara ya Morogoro usiku naziona na kukasirika upya.