Babu zangu walitoza hongo, mimi nimelipa nauli

Juzi nimepanda basi saa nane usiku, saa saba njiani, kwenda ubalozini kuweka alama za vidole nipate pasipoti mpya. Mji niliko huku ughaibuni hatuna ubalozi. Yupo konseli wa heshima tu, mzee mfanyabiashara wa hukuhuku, na pasipoti haimo katika kazi zake. Nauli ya kwenda na kurudi, ukiipeleka sokoni Kibaigwa, hutarudi mikono mitupu. Fomu nilijazia kwenye simu, kitandani. Vidole ndivyo havitumwi.

Nafika dirishani, kijana anasoma cheti changu cha kuzaliwa. Kwa lafudhi ni mtani wangu, Mhehe kabisa. "Dodoma? Mgogo! Hata huku mmekuja kuomba?"

Nilicheka, utani ni utani, ila vidole vilikuwa bado vimekufa ganzi na lile neno lilinichoma. Halafu: "Kiapo cha mzazi hakipo. Rudi ukiwa nacho."

Nikakaa kwenye kiti nikiwa na hasira za kihistoria. Sisi tuliomba lini? Wamarekani walifanya mkataba na Sultani mwaka 1833, na mwaka 1837 wakaweka konseli Unguja, alinde wafanyabiashara wao na lile shuka lililobaki na jina la merikani. Waingereza wakafuata mwaka 1841. Mwaka 1857 Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walitoka kwa konseli wao na heshima zote, walipofika Ugogo wakatoa hongo, yaani ushuru wa njia, nguo na shanga, ndipo wakapita. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta Livingstone, naye alilipa, Mvumi palepale. Maji yalikuwa yetu, chakula chetu. Barua ya konseli haikuchota maji kisimani.

Wewe unayejiandaa kuja, pasipoti isikufie mkononi kama yangu. Anza mwaka mzima kabla, na vyeti vya wazazi viache kwa mtu anayepokea simu. Wala usidanganyike kwamba konseli ni mjomba. Ukifungwa anaweza kuja kukuona, mkataba wa Vienna wa 1963 unamruhusu. Faini utalipa mwenyewe. Ukizaa ataandikisha mtoto. Ukifa atasaini karatasi za kukurudisha, na sanduku watachangishana wenzako.

Nilikuwa nimeshabeba begi niliposikia nyuma yangu salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Mama mtu mzima, mfanyakazi wa mlemle ndani, kwao Kongwa. Akaniuliza nani yuko nyumbani. Dada, Nkuhungu. "Mpigie. Huko wakili bado yuko ofisini. Nakusubiri."

Dada akampakia mama kwenye bajaji. Baada ya saa moja na nusu kiapo kikaingia kwenye simu: muhuri umekaa upande, na chini yake dole gumba la mama, wino wa bluu, na ile alama ya jembe ikikata katikati. Yule mama akakichapa, mtani akanipokea kimya, nikaweka langu kwenye kioo.

Jioni nikampigia mama kumshukuru. Hakuuliza pasipoti itatoka lini.

"Wamekutoza ngapi?"