Siku moja maabarani: kipande kilichogeuka

Saa moja asubuhi. Nje ni theluji ya Chicago, mimi natoa chupa za uboho zilizolala usiku kucha kwenye kabati la joto la nyuzi 37. Natia kolsemidi, seli zinazogawanyika zisimame zilipofikia. Kisha maji yenye chumvi ya potasiamu, zivimbe. Halafu methanoli sehemu 3 kwa 1 ya asidi ya siki.

Saa tatu nadondosha matone kwenye slaidi. Hewa ikiwa kavu mno, kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, hulaliana na kazi yote ikapotea, kwa hiyo siku za baridi nachunga sana unyevu wa chumba. Slaidi za jana, zilizokwisha kukauka, nazipitisha kwenye tripsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, kisha rangi ya Giemsa. Mistari inajitokeza kama ya kikoi.

Saa tano, darubini. Mgonjwa ana lukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu. Ametumia dawa ya imatinibu miaka kadhaa, sasa chembe nyeupe zinapanda tena. Kromosomu ya Philadelphia, ile namba 22 iliyofupika, iliyogunduliwa 1960, naiona mara moja. Mwaka 1973, katika mji huuhuu, mtafiti wa kromosomu Janet Rowley alionyesha kuwa 22 na 9 zimebadilishana vipande. Picha zake alizikata kwa mkasi na kuzipanga kwenye meza ya chakula nyumbani. Humkumbuka kila ninapozipanga zangu.

Kijana wa Mombasa anayejifunza kazi kwetu ananiita. "Dada, hii 9 nyingine imegeuka kiunoni!"

"Hiyo kazaliwa nayo, mdogo wangu. Wapo watu wengi wenye afya njema walio nayo. Tazama kromosomu 3."

Anatazama. Mkono mrefu umekatika mahali pawili, kipande cha katikati kikageuka juu chini kabla ya kuungwa tena. Hakuna kilichopotea, ila mpangilio wa mistari si ule. Swichi ya jeni la GATA2, iliyokuwa mbali, sasa imekaa jirani na EVI1, jeni lililopaswa kulala, na imeliamsha. Katika lukemia sugu, hii ni dalili kwamba ugonjwa unaweza kugeuka mkali, na dawa ile haitatosha.

Saa kumi jioni tumemaliza seli 20. Nampigia daktari. Ananyamaza kidogo.

"Ngapi?"

"Kumi na moja kati ya 20."

"Kesho nitawaita ndugu zake, tuwapime kwa ajili ya kupandikiza uboho."

Kijana bado yuko kwenye darubini, anaitazama 3.