Jinsi Nilivyoondoa Gundi ya Stika kwenye Jokofu na Rangi kwenye Vioo vya Dirisha

Stika iliyobandikwa kiwandani kwenye mlango wa jokofu letu ilipobanduliwa, iliacha gundi yenye kunata ambayo haikutoka kwa maji ya moto na sabuni, na wakati huohuo vioo vya dirisha vilikuwa na matone ya rangi ya mafuta yaliyoachwa na mafundi.

Kwa jokofu niliweka kando thina na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu asetoni huyeyusha aina nyingi za plastiki ngumu na hulainisha hata rangi iliyopakwa juu ya bati. Badala yake nilipaka mafuta ya kupikia juu ya gundi, nikayaacha yapenye, kisha nikasugua kwa ncha ya kidole kilichovikwa kitambaa, na gundi ikajiviringisha vipande vidogo vya kijivu na kung'oka. Utando uliosalia niliufuta kwa mafuta ya taa kidogo, baada ya kuyajaribu kwanza pembeni pasipoonekana, nikamalizia kwa sabuni.

Kioo hakidhuriki kwa thina. Nilizima jiko, nikafungua madirisha yote, kwa kuwa mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto, kisha nikayalowesha matone kwa pamba yenye thina na kuyakwangua kwa wembe ulioinamishwa. Kama ingekuwa rangi ya maji, ningechagua spiriti, ambayo huilainisha vizuri na harufu yake haikai ndani kwa muda mrefu.