Kumbukumbu ya mradi wangu: vitambaa vya miguuni kwa vitanda vya gesti

Kwa waliochelewa kufuatilia: nashona vile vitambaa virefu vya rangi vinavyolazwa kukingama kitanda upande wa miguu, kwa ajili ya vyumba vya gesti ya shangazi yangu, Bagamoyo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: vina kazi gani hasa, wakati mgeni akitaka kulala anavitupa kwenye kiti? Nalijibu kwanza, maana jibu lake ndilo lililoniamulia kitambaa, vipimo na hata aina ya mshono.

Zamani vitanda vingi vya hoteli vilifunikwa kava zito la maua. Halikuwa likifuliwa kila mgeni anapotoka, na maua yale yalisitiri mengi. Mwaka 1999 hoteli za Westin za Marekani zikatoa kitanda walichokiita Heavenly Bed, cheupe juu mpaka chini, na wengine wakafuata. Faida ya nyeupe inajulikana: doa halina pa kujificha, na mashuka ya vyumba vyote yanaingia maji ya moto na jiki kwa pamoja bila kuhofia kuchuja. Lakini chumba kikiwa cheupe kila mahali kinafanana na wodi. Ndipo kipande kimoja cha rangi kinapofaa. Ukichoka na sura ya chumba unabadilisha hicho tu, duveti inabaki ile ile.

Urembo huo kila mtu anauona. Kazi yenyewe anaijua mhudumu wa vyumba. Mgeni akifika, begi lililoburuzwa stendi nzima linapandishwa kitandani, upande wa miguuni. Kisha anajitupa chali na viatu vyake. Mhudumu mmoja wa pale kwa shangazi aliniambia, “Fundi, mtu akitoka baharini hatafuti kiti, anakaa hapo hapo kitandani na mafuta yake ya jua.” Na mafuta hayo ni balaa. Baadhi yake yana kemikali iitwayo avobenzone, ambayo ikikutana na maji yenye madini ya chuma huacha doa la rangi ya kutu. Ukilimwagia jiki ukidhani unalitoa, ndiyo kwanza linakolea. Duveti nyeupe ikishapata doa hilo, imeondoka kwenye hesabu ya wageni. Kitambaa cheusi chenye michoro kikipata doa lile lile, hakuna anayeliona.

Basi vigezo vyangu vikawa hivi: kiwe cha rangi iliyokolea, kiwe kizito kiasi cha kutoserereka, na kifulike mara kwa mara. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Velveti za hoteli za mjini zinapendeza, lakini zinashika mchanga na zinachelewa kukauka masika. Shanga na nyuzi za kung’aa sitaki hata kuzisikia. Mashine ya kufulia haina huruma nazo. Wanaosema vitambaa hivi ni uchafu mtupu nawaelewa. Visipofuliwa, bora visiwepo.

Shangazi alitaka kanga. Kanga moja ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110, na godoro la futi 5 kwa 6 lina upana wa sentimita 152. Haivuki hata kitanda, sembuse kuning’inia pembeni. Ingebidi niunge, na ukikata kanga umeiua pindo. Halafu kuna jina. Nilipomuuliza, “Shangazi, jina la kanga tuliweke miguuni watu walikanyagie?” alinyamaza, akasema nikatafute vitenge.

Nikaenda Dar, Mtaa wa Uhuru. Pima yadi mbele ya muuzaji kabla hujalipa. Mimi huwa sioni haya. Nyumbani nikavilowesha vyote, nikavianika, nikapiga pasi, ndipo nikashika mkasi. Kitenge cha pamba kinarudi kikifuliwa mara ya kwanza, na ni afadhali kirudi kabla hakijaunganishwa na bitana, la sivyo mshono wote unajikunja.

Vipimo, kwa anayetaka kuiga: upana wa godoro 152, ongeza sentimita 30 za kuning’inia kila upande, ongeza 6 za pindo. Jumla 218. Kitenge kina kimo cha kama sentimita 114, hivyo ukikipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya 57, na baada ya kushona kinabaki kama 54, kiasi cha kutosha begi. Yadi 6 ni kama sentimita 549, kwa hiyo zinatoa vinne, na kinachobaki kinatosha nyuso za mito midogo. Kwa kitanda cha futi 6 kwa 6 bado unapata vinne, ila mabaki ni kidogo mno. Angalia michoro kwanza: ndege mkubwa wa katikati ya kitenge atakatwa kichwa. Nilichagua michoro midogo inayojirudia.

Chini nimeweka bitana ya marekani nzito, sikuweka sponji. Nimepiga mshono wa juu kuzunguka pembeni, na mishono miwili ya kukatiza katikati, ili tabaka zisitengane zikifuliwa.

Hali ilivyo sasa: vya vitanda vya futi 5 kwa 6 vimekamilika, na kila chumba kimepata viwili, kimoja kitandani na kingine kwa dobi. Nimemwomba shangazi wahudumu wakitoe jioni wakikunja duveti, wakiweke juu ya kabati. Kimebaki kile chumba cha vitanda viwili vya futi 3 na nusu vinavyosukumwa pamoja mgeni akija na mwenzake. Hapo kitambaa kina kazi ya ziada ya kuficha ufa wa katikati, na urefu unafika karibu sentimita 280. Kwa hicho kitenge kimoja kitatoa viwili tu. Mwenye kujua duka linalouza vitenge kwa yadi moja moja aniambie.